Kuchinja ng'ombe wa Idi bila kuitia nyama vijidudu

Assalaam aleykum. Idi kubwa hiyo inakuja na wengi watachinjia uani au chini ya mwembe, sio kila mtu atampeleka ng'ombe wake machinjioni Kisakasaka, basi someni kabla hamjanoa visu.

Kwanza, nyama ya mnyama mwenye afya huko ndani karibu haina vijidudu kabisa. Vinatoka kwenye ngozi na matumbo, na anaevihamisha ni wewe na kisu chako. Ng'ombe anaweza kuwa kanona, anang'ara, na tumboni kabeba vijidudu kama E. koli au salmonela wala hana habari, utakaeharisha ni wewe.

1. Siku moja kabla mnyime majani, maji mpe. Tumbo likijaa linapasuka upesi. Mavi yaliyomganda mapajani yakwangue mapema, na ukimuosha muache akauke maana ngozi inayochuruzika inateremsha uchafu wote.

2. Akishachinjwa na roho ikatoka kabisa, tafuta umio, ule mrija wa chakula ulio nyuma ya koo la pumzi, utenganishe uufunge kamba. Hapa watu wengi wanaruka, halafu wakimning'iniza kichwa chini macheuo yote yanamwagikia shingoni.

3. Kuchuna ndo penye kazi. Mning'inize, ukikosa pa kumning'iniza tandika majani ya mgomba mengi, sio mchangani. Kisu kipenyeze chini ya ngozi makali yatazame nje, usikate kutoka manyoyani kwenda kwenye nyama. Mkono wa kushoto unashika ngozi tu basi, wa kulia kisu, na ngozi ikunje manyoya yakae mbali. Uwe na visu viwili, kimoja kazini kimoja kwenye sufuria ya maji yanayotokota, unabadilisha. Machinjioni wanatumia maji ya nyuzi 82. Kufutia kisu kwenye suruali hujasafisha kitu. Na lile tambara moja linalopitishwa mwili mzima, jamani litupeni, linachukua mavi ya paja linayapaka kwenye sarara.

4. Zungushia kisu mkunduni, vuta kidogo, vika nailoni ufunge kamba. Halafu pasua tumbo taratibu, matumbo yaangukie beseni lake. Usizidishe nusu saa toka kuchinja. Anaeosha utumbo awe mtu mwengine na akae mbali.

5. Kata, gawa, isikae juani. Kwa joto letu hili vijidudu vinaweza kuongezeka mara mbili kila dakika 20.

MASUALI

Mpemba wa Konde: Sheikh, mavi yakidondokea nyama si naimwagia maji tu?
— Hapana kaka. Maji yanayatawanya na yanalowesha pale palipokuwa pakavu. Kata kipande hicho utupe, kisha kisu kitie maji ya moto.

Mama Kababu: Mie nachemsha nyama yangu mpaka inalainika, vitabaki vijidudu gani?
— Ikichemka hivo vinakufa dada, ila mkono ulioshika nyama mbichi ndo huohuo unakatia kachumbari. Na kwenye kababu zako kuwa makini zaidi, uchafu uliokuwa juu ya nyama ukiisaga unaingia katikati. Marekani mwaka 1993 baga ambazo hazikuiva vizuri ziliumiza watu zaidi ya 700, watoto 4 wakafa, na ilikuwa E. koli. Kababu ikiwa nyekundu ndani irudishe motoni.

Kijana wa Mwera: Sisi tunaijaza yote kwenye mfuko mmoja tunasukumia friza, asubuhi ya katikati inanuka, friza mbovu au?
— Friza haina kosa. Nyama ingali na joto ikirundikwa, ya katikati inakaa vuguvugu usiku kucha. Iache ipoe kivulini sehemu yenye upepo, ifunike nzi wasiitue, halafu igawe vifurushi vidogo bapa, uvipange vikiachana mpaka vigande ndo uvirundike.