Kipangusio cha madirisha kinachodumu: unda chako, kila kipande kibadilike

Kazi yangu ni kusafisha madirisha hapa Nairobi. Kwa miaka mingi nilikuwa natupa vifaa vizima kwa sababu ya mpira usiozidi upana wa kidole. Vipangusio vingi vya plastiki vya bei nafuu (wengine huviita skwiji) mpira wake umebandikwa kwa gundi. Mpira ukikakamaa, mpini ambao bado ni mzima nao unaenda jalalani. Jambo hilo liliniuma hadi nikaanza kuunda changu, na hiki ninachokieleza ndicho ninachokitumia leo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Ettore Steccone, Mwitaliano aliyehamia Marekani na kusafisha madirisha Oakland, California, alipata hataza mwaka 1936 kwa kipangusio chepesi cha brasi chenye ulimi mmoja wa mpira. Kabla yake kulikuwa na zana nzito ya chuma iliyoitwa Chicago, yenye ndimi mbili, na kuzibadilisha kulitaka mtu alegeze skrubu 12. Hebu fikiria mtu yuko juu ya ngazi, mikono imelowa, na ana skrubu 12 za kufungua.

Hatua ya 1: Jua kitakachokufa kwanza

Kabla ya kushika msumeno, chukua karatasi uandike vipande vyote kwa mpangilio wa kufa kwake. Mpira hufa kwanza. Halafu nati na bolti, halafu mpini wa mbao, na mwisho kabisa bapa za aluminiamu zinazoubana mpira. Sheria yangu ni moja: kinachokufa mapema kifunguke bila kukisumbua kinachodumu, na kipatikane dukani kwa kipimo tu. Ukiunda kitu kinachotaka mpira wa umbo la pekee, umejifunga kwa muuzaji mmoja, na siku akikosa huo mpira zana yako imekwisha.

Hatua ya 2: Pima madirisha utakayosafisha

Nyumba nyingi za Nairobi zina madirisha ya fremu za chuma yenye vioo vidogo, na kwa ndani kuna grili. Kichwa (sehemu inayoshika mpira) cha sentimita 45 kinachofaa kioo cha ofisi Upper Hill hakina kazi hapo. Pima kioo chembamba zaidi unachokutana nacho, kisha pima nafasi kutoka grili hadi kioo. Nafasi hiyo ndiyo itakayokuambia shingo ya kifaa, inayounganisha kichwa na mpini, ipinde kiasi gani. Nitaeleza kichwa cha sentimita 25, kwa kuwa ukikisimamisha wima kinapita katikati ya vyuma vya grili, kisha unakilaza upande wa pili.

Hatua ya 3: Nunua

Aluminiamu tafuta kwa mafundi wa madirisha. Wanabaki na vipande vingi, na fundi mwenye roho nzuri atakukatia bapa (flatibaa, kama inavyoitwa madukani) mbili za upana wa mm 25, unene mm 2, urefu mm 250. Kwa nini si stenlesi? Uzito. Kwa vipimo hivihivi stenlesi ina uzito karibu mara tatu ya aluminiamu, na mkono unaopanda na kushuka siku nzima utakuuliza jioni. Ubaya wa aluminiamu ni kwamba huliwa na magadi makali, kwa hiyo usiioshe kwa dawa ya kuzibulia mifereji wala usiiache kwenye ndoo ya jiki. Sabuni ya kuoshea vyombo haina shida.

Bolti nenda Kirinyaga Road, ambayo wengi bado tunaiita Grogan. Chukua M5 (yaani za kipenyo cha mm 5) za stenlesi zenye kichwa cha pembe sita, urefu mm 16 kwa kichwa na mm 30 kwa mpini. Nati ziwe zile zenye duara la nailoni ndani, zisilegee kwa mtikisiko. Nati ya M5 hufunguliwa kwa spana namba 8. Zana nzima inafunguliwa na spana hiyo moja, nami ninayo kwenye pete ya funguo.

Mpira uwe wa asili, unene mm 3. Kipimo cha ugumu huitwa Shore A, na unaofaa uko kati ya 50 na 60. Kama muuzaji hana kipimo, linganisha na tairi la gari, ambalo mara nyingi liko 60 hadi 70: wako uwe laini kidogo kuliko hilo. Kagua ukingo wa shiti. Ukiona nyuzi za kitambaa, uache, huo ni wa kutengenezea gasketi. Tyubu ya gari nayo usiitumie kama ulimi: haisimami wima na huacha alama nyeusi kwenye kioo. Lakini kata kipande kidogo cha tyubu ukiweke kando, kina kazi yake katika hatua ya saba.

Hatua ya 4: Kitenganishi

Hapa ndipo nilipopoteza miezi. Kichwa changu cha kwanza kilikuwa bapa mbili, mpira katikati, bolti zinakazwa basi. Kilipangusa vibaya. Kila mahali palipokuwa na bolti mpira ulibanwa mno ukavimba nje, na katikati ya bolti mbili ukarudi ndani. Ukingo ukawa na mawimbi, na kila wimbi likaacha mstari wa maji kwenye kioo. Nilidhani mpira ni mbovu, nikabadilisha mara tatu.

Dawa yake ni kipande cha tatu, kitenganishi, kinachokaa nyuma ya mpira ndani ya bapa. Kiwe cha aluminiamu, upana mm 17, urefu sawa na bapa, na unene mm 2.5. Angalia hesabu: mpira ni mm 3, kitenganishi ni 2.5. Ukikaza nati, bapa zinakutana na kitenganishi na kusimama hapo. Mpira umebanwa nusu milimita, sawasawa kutoka mwisho huu hadi ule, na hata mwenye mkono mzito hawezi kuuponda zaidi. Usipopata bati la mm 2.5, panga la 1.5 na la 1 pamoja.

Faida ya pili ni kwamba bolti zinapita kwenye kitenganishi, si kwenye mpira. Mpira hauna tundu hata moja. Unalegeza nati mizunguko miwili, unauvuta kwa ubavu, unaingiza mwingine na kuusukuma ugote kitenganishi. Umenyooka wenyewe.

Hatua ya 5: Toboa

Bana bapa mbili na kitenganishi pamoja kwenye jiliwa, kingo za nyuma zikiwa sawa, kisha utoboe vyote kwa mkupuo mmoja ili matundu yasipishane. Tumia keekee ya mm 5.5. Matundu ni manne, yote mm 8 kutoka ukingo wa nyuma. Ukipima kutoka mwisho mmoja wa bapa yako kwenye mm 25, 105, 145 na 225. Mawili ya katikati ndiyo yatakayoshika shingo pia.

Hifadhi vipimo hivyo kwa kutoboa kipande cha bati kiwe kiolezo. Kila kichwa utakachounda baadaye kitokane nacho, maana bapa ikipinda mwaka ujao utataka ya kubadilisha iingie bila kulazimishwa.

Sugua kingo zote kwa tupa laini halafu msasa, hasa ukingo wa mbele unaogusa mpira. Pitisha kidole polepole, ukihisi hata mkwaruzo rudia, kwa sababu mkwaruzo huo utaula mpira. Kisha weka tone la gundi ya epoksi chini ya kichwa cha kila bolti fupi kwenye bapa ya upande wa kioo, ili bolti isizunguke unapofungua nati kwa spana moja. Bolti ikiharibika, ipashe moto na gundi itaachia.

Hatua ya 6: Kata mpira

Upana mm 16, urefu mm 256. Kati ya hizo 16 za upana, milimita nane zinaingia ndani ya bapa, nane zinatoka nje. Hizo milimita sita za ziada kwenye urefu ni tatu kila upande, ili pembe ya fremu iguswe na mpira, si na aluminiamu.

Weka wembe mpya kwenye kisu cha kukatia, ulowanishe kwa maji ya sabuni, bana rula ya chuma juu ya mpira na ukate kwa pigo moja refu. Usirudie. Ukirudia unatengeneza ngazi ndogo isiyoonekana kwa macho, ila kioo kitaiona. Wembe usimame wima kabisa, pembe mraba. Nitasema wazi kwamba mpira uliokatwa kwa mkono haufikii ule uliotolewa kiwandani tayari kwa kazi hii. Ukipata utepe wa kiwandani wa unene huohuo, ununue bila kusita.

Kwa kuwa utepe wako wa mpira umekatwa mraba pande zote, una pembe nne za kazi. Moja ikichoka, geuza uso. Ikichoka hiyo, toa mpira na uupindue ukingo wa ndani uje nje. Mpira mmoja unafanya kazi ya minne, na watu wengi hutupa baada ya pembe ya kwanza.

Hatua ya 7: Shingo na mpini

Shingo ni bati la stenlesi la mm 3, lililokatwa kwa umbo la T. Mafundi wa Kamukunji watakukatia ukiwapelekea kiolezo cha katoni. Kichwa cha T kiwe na upana wa mm 60 na matundu mawili yaliyoachana mm 40. Mguu uwe na upana wa mm 20 na urefu wa sentimita 16, na matundu mawili ya kushikia mpini. Pinda kama nyuzi 25 karibu na kichwa, vidole visigonge kioo na mpini usigonge grili.

Stenlesi na aluminiamu zikigusana kwenye maji, aluminiamu huliwa. Ndiyo kazi ya kile kipande cha tyubu: kikate kwa umbo la kichwa cha T, ukitoboe, ukiweke katikati ya shingo na bapa.

Mpini ni vipande viwili vya mbao ya mvule au mukima, kimoja kila upande wa mguu kama mpini wa kisu, vilivyofungwa kwa bolti mbili ndefu. Vipake mafuta ya kitani, si vanishi, kwani vanishi ikilowa huteleza. Ukitaka kufika juu, ondoa mbao na uingize mguu ndani ya bomba la aluminiamu la mm 25 lililotobolewa matundu yaleyale. Toboa tundu jingine dogo mwisho wa mguu kwa ajili ya kamba ya mkononi. Zana hii ikianguka kutoka ghorofa ya tatu itamuumiza mtu.

Hatua ya 8: Jaribu

Lowanisha kioo, weka kifaa juu na ushuke kwa mwendo mmoja. Ukiona mstari mmoja wa maji unaojirudia mahali palepale kwenye mpira, kuna jeraha hapo, geuza. Ukiona mistari mingi iliyoachana sawasawa, rudi kwenye kitenganishi, unene wake haulingani. Madoa meupe yanayotokea baada ya kioo kukauka si kosa la mpira. Hayo ni chumvi za maji ya kisima, na mitaa mingi hapa hutegemea visima mifereji ikikauka. Suuza mwisho kwa maji ya mvua.

Ukimaliza siku, futa mpira na uuweke kivulini. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hatua chache kutoka ikweta, na jua hili hupasua mpira wa asili ulioachwa juu ya gari.

Hatua ya 9: Andika kipimo kwenye kifaa

Chukua panchi za herufi na namba, na kwenye bapa ya nyuma gonga: MPIRA 3×16×256, M5, SPANA 8. Fundi yeyote atakayekiokota, hata kama hajawahi kuniona, atajua aende dukani kuulizia nini.