Jinsi ya kuomba kugombea ubunge Uganda ukiwa mgombea huru

Anza na pesa, kwa sababu hakuna atakayekusaidia. Ruzuku ya serikali huenda kwa vyama vyenye wabunge tu, na katika shughuli za kawaida hugawanywa kwa wingi wa viti. Uchaguzi wa 2021 uliingiza bungeni wabunge huru zaidi ya 70, wengi kuliko wa NUP, chama kikuu cha upinzani, kilichopata viti 57. Hata hivyo, ruzuku hiyo haiwagusi. Mimi naona hii si haki: waliowapigia kura nao hulipa kodi.

Ada ya uteuzi ni shilingi milioni 3, na hairudishwi hata ukishindwa. Ilipe mapema, utunze stakabadhi.

Kinachoangusha wengi ni vyeti. Unatakiwa uwe umemaliza kidato cha sita au una elimu inayolingana nacho. Ukiwa na cheti kingine, mfano ulisomea ng'ambo ya mpaka kama wengi wetu wa Busia, kipeleke Baraza la Kitaifa la Elimu ya Juu likupe hati ya ulinganifu. Usingoje wiki za mwisho. Kisha tandika mezani cheti, kitambulisho cha taifa na taarifa zako kwenye daftari la wapiga kura, usome jina herufi kwa herufi. Cheti kikiwa na jina la ubatizo ambalo kitambulisho hakina, mwone wakili sasa hivi. Mpinzani wako atalitafuta kosa hilo, na kesi za namna hiyo zimewahi kufika mahakamani.

Mtumishi wa umma, mwalimu wa serikali akiwemo, lazima ajiuzulu siku 90 kabla ya uteuzi. Nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa.

Fomu huchukuliwa Tume ya Uchaguzi. Zinahitaji wadhamini wasiopungua 10 walioandikishwa katika jimbo lako. Kuishi jimboni hakutoshi: jirani yako wa miaka mingi huenda bado yuko kwenye daftari la kijijini kwao. Hakiki kila jina, na uongeze watu wa akiba.

Alama yako isiwe ya chama chochote.

Siku ya uteuzi fika asubuhi kwa msimamizi wa uchaguzi wa wilaya. Akikukataa, dai sababu kwa maandishi, ulalamike kwa Tume; usiporidhika, kata rufaa Mahakama Kuu.