Jinsi ya Kuainisha Vipuri vya Kamera za Kielektroniki katika Ushuru wa Forodha wa Afrika Mashariki

Mwongozo huu unawahusu waagizaji na mawakala wa forodha wanaoingiza vipuri vya kamera za ulinzi, za simu na za kupigia picha katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ugumu wa mizigo ya aina hii unatokana na ankara. Muuzaji huandika "vifaa vya kamera" kwenye mistari yote, ilhali katika kitabu cha Ushuru wa Pamoja wa Forodha bidhaa hizo zimetawanyika kati ya Sura ya 85 na Sura ya 90, chini ya vichwa (misimbo ya tarakimu nne) visivyopungua sita. Msimbo hupatikana kwa kutazama kitu kilivyo siku kinapofika mpakani na kwa kusoma tanbihi, yaani maelezo yenye nguvu ya kisheria, za sehemu na za sura za kitabu hicho. Jina la dukani halina uzito, na matumizi anayoyakusudia mteja huwa na uzito pale tu tanbihi inapoyaulizia.

Hatua ya 1: Pata karatasi ya maelezo ya kiufundi ya kila kipuri

Mwombe muuzaji karatasi hiyo kabla mzigo haujapakiwa, kwa kuwa mzigo ukishafika bandarini gharama za kuhifadhi huanza kuhesabika huku nyote wawili mkiandikiana barua pepe. Unatafuta majibu ya maswali matatu: kipuri kimetengenezwa kwa vitu gani, kinatoa nini (mkondo wa umeme tu, au ishara kamili ya picha), na kama kinaingia kwenye kifaa cha aina moja au cha aina nyingi. Picha ya kipuri chenyewe, iliyopigwa karibu, husaidia kuliko picha ya boksi.

Hatua ya 2: Hakiki toleo la msimbo ulioandikwa kwenye ankara

Tarakimu sita za kwanza ni za dunia nzima, nasi Afrika Mashariki huongeza mbili na kufikisha nane. Toleo la misimbo linalotumika lilianza duniani tarehe 1 Januari 2022 na kwetu tarehe 1 Julai 2022, na bado wapo wauzaji wanaoandika misimbo ya zamani. Ukiona 8525.80 kwa kamera, au 8541.40 kwa kipuri kinachohisi mwanga, ujue umeletewa msimbo uliokwisha kufutwa: ule wa kwanza umegawanywa kuwa 8525.81 hadi 8525.89, na wa pili kuwa 8541.41 hadi 8541.49. Skrini bapa zisizo kifaa kamili nazo sasa zina kichwa chao, 8524, ambacho kabla ya hapo hakikuwapo kwa maana hiyo.

Hatua ya 3: Jiulize kama vipuri hivyo ni kamera iliyofunguliwa

Kanuni ya 2(a) ya Kanuni za Jumla za Ufasiri inasema kuwa kitu ambacho hakijakamilika huainishwa kama kilichokamilika iwapo tayari kina sifa zake za msingi, na kwamba kitu kizima kilicholetwa kikiwa kimefunguliwa hubaki kuwa kitu kizima. Kwa hiyo, ganda katika katoni moja, bodi katika katoni nyingine na lenzi katika ya tatu, kwa idadi zinazolingana na zikiwasilishwa kwa pamoja, ni kamera kadhaa zinazosubiri skrubu, na zote huenda 8525, kichwa chenye kamera kamili. Waagizaji wanaodhani kwamba kutenganisha katoni kunatenganisha ushuru hugundua hilo wakati wa ukaguzi. Vipuri vya duka la ufundi hutofautiana na hali hiyo: lenzi mia, bodi kumi na ganda moja moja haziundi kitu kizima, na hapo ndipo kila mstari hushughulikiwa peke yake.

Hatua ya 4: Anza na chipu

Tanbihi ya 12 ya Sura ya 85 inavipa vichwa 8541 (vifaa vya semikondakta) na 8542 (saketi jumuishi, yaani chipu) kipaumbele juu ya vichwa vingine vyote vinavyoweza kudai bidhaa hiyo kwa sababu ya kazi yake, isipokuwa 8523 (vyombo vya kuhifadhia data). Hii ndiyo tanbihi inayosahaulika kuliko zote katika mizigo hii. Kihisi cha picha cha aina ya CMOS, ambacho photodayodi zake (vijisehemu vinavyogeuza mwanga kuwa umeme), vikuza ishara na sehemu ya kugeuza ishara kuwa tarakimu vimejengwa ndani ya kipande kimoja cha silikoni kisichotenganishika, ni saketi jumuishi, na mahali pake ni 8542.39, hata kama ankara inakiita kipuri cha kamera na hata kama hakina matumizi mengine duniani. Photodayodi iliyo peke yake ni kifaa cha semikondakta kinachohisi mwanga, nayo huenda 8541.49.

Hatua ya 5: Tenganisha chipu na moduli

Mambo hubadilika kihisi kinapofungwa kwenye kibodi pamoja na lenzi na kishikio chake. Kitu hicho hakiwezi tena kuitwa saketi jumuishi, hata ile yenye viambajengo vingi, kwa kuwa fasili ya Tanbihi ya 12 inataja viambajengo vinavyoruhusiwa na lenzi haimo. Tanbihi ya 2(a) ya Sehemu ya XVI, yenye Sura za 84 na 85, inaagiza kwamba kipuri ambacho chenyewe ni bidhaa iliyotajwa katika kichwa fulani cha Sura ya 84 au 85 huainishwa katika kichwa hicho. Moduli inayopokea mwanga na kutoa ishara ya picha tayari ni kamera, ingawa ni ndogo kama ukucha na itaishia ndani ya simu. Hoja yenye nguvu ni 8525, wala si kichwa cha vipuri vya simu.

Ndani ya 8525 kuna mtego wa lugha ya matangazo. Maboksi mengi ya kamera za ulinzi yanasifu uwezo wa kuona usiku, na wakala mwenye haraka hukimbilia 8525.83, kichwa kidogo cha kamera za kuonea usiku. Tanbihi ya vichwa vidogo inataka kamera inayotumia kathodi ya mwanga kugeuza mwanga uliopo kuwa elektroni, ambazo hukuzwa na kurudishwa kuwa picha. Kamera ya dukani yenye taa za infraredi haifanyi hivyo, na kamera za joto zimetengwa kwa kutajwa. Zote ni 8525.89. Vivyo hivyo, 8525.81 ni ya kamera za kasi ya pekee, kwa mfano zile zinazozidi fremu 225,000 kwa sekunde.

Hatua ya 6: Lenzi na vichujio

Tanbihi ya 1(m) ya Sehemu ya XVI inaziondoa bidhaa za Sura ya 90 katika sehemu hiyo. Lenzi ya kamera iliyo ndani ya fremu yake ni 9002.11 na kichujio chenye fremu ni 9002.20, visivyo na fremu hurudi 9001.

Hatua ya 7: Yaliyobaki

Kebo yenye viunganishi ni 8544.42, betri ya lithiamu-ioni ni 8507.60, na skrubu za chuma ni 7318. Ganda na bodi iliyokwisha kuunganishwa, ambavyo vinafaa kwa kamera pekee au hasa kwa kamera, ndivyo vinavyostahili 8529.90. Ukiona mzigo mzima umewekwa chini ya msimbo huo, yaelekea hatua za 4 hadi 6 zilirukwa.

Hatua ya 8: Kiwango, na pale msipokubaliana

Ukishapata tarakimu nane, soma kiwango katika kitabu chenyewe (makundi makuu ni asilimia 0, 10, 25 na 35), kisha tazama tangazo la mwaka wa fedha uliopo katika Gazeti la Jumuiya, kwa sababu nchi moja inaweza kuwa imeruhusiwa kutumia kiwango tofauti. Kwa bidhaa utakayoiagiza mara kwa mara, omba uamuzi wa awali wa uainishaji kwa Kamishna wa Forodha ukiambatisha sampuli na maelezo ya kiufundi. Mzigo ukishaainishwa kinyume na hoja zako, Kifungu cha 229 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 kinakupa siku 30 za kuomba mapitio. Huhesabiwa tangu tarehe ya uamuzi, si tangu mzigo ulipotoka bandarini, na maombi yanapaswa kutaja tanbihi unayoitegemea.