Unajenga PC ya gemu kwa mara ya kwanza? Anza na kioo, afu kadi, vingine vifuate

Wengi wanaoanza kujenga PC ya gemu wanaanza na swali la prosesa, "nichukue i5 au i7", hela inaishia hapo, afu ndo wanakumbuka kuna kadi ya grafiki na wanachukua yoyote inayoenea kwenye chenji. Nimeliona hili mara nyingi mno na linaniuma kila mara, maana mtu amejichanga miezi kibao halafu gemu linamkwamakwama, wakati hela ile ile ingempa mashine safi kabisa kama angeanzia upande wa pili.

Upande wa pili ni kioo, monita yani. Jua kwanza utachezea kwenye kioo gani, kwa sababu kioo ndo kinaamua kadi itapigishwa kazi kiasi gani. Kioo cha 1080p kina pikseli kama milioni 2, cha 1440p milioni 3.7 hivi, cha 4K karibu milioni 8.3, na kadi inatakiwa ichore pikseli zote hizo kwa kila fremu moja, yani kila picha moja, afu irudie mara 60 au mara 144 ndani ya sekunde moja. Kwa hiyo ukitoka 1080p kwenda 4K umeibebesha kadi mzigo mara nne, na kadi inayobeba mzigo huo bila kuhema bei yake inatisha. Kama hela yako ni ya kuhesabu mi nashauri bila kusita, 1080p, inchi 24, Hz 144 au karibu na hapo. Hz 144 sio urembo, kwenye Hz 60 picha inabadilika kila milisekunde 16.7, kwenye 144 inabadilika kila milisekunde 7 hivi, na ukisogeza mausi tu unaona tofauti.

Kitu cha pili ni gemu zenyewe. Andika gemu tatu unazocheza kweli, sio zile unazoziangalia YouTube. Kama ni Valorant, Counter-Strike 2, League of Legends, Dota 2, hizo haziiumizi sana kadi, zinaegemea zaidi prosesa. Kama ni vitu kama Cyberpunk 2077, hapo kadi ndo inabeba nyumba. Nenda ukurasa wa gemu kwenye Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, ruka mahitaji ya chini, soma yale yanayopendekezwa, maana ya chini mara nyingi maana yake gemu litafunguka tu, hakuna aliyekuahidi utafurahia.

Sasa mgao wa hela. Ukishatoa hela ya monita pembeni, kadi ya grafiki ichukue kuanzia theluthi moja hadi karibu nusu ya kilichobaki, na prosesa isizidi sana nusu ya bei ya kadi. Sio sheria, kama we ni mtu wa Valorant tu unaweza kusogeza kidogo kwenda kwa prosesa, lakini ukiona prosesa imekuwa ghali kuliko kadi simama, rudi nyuma, kuna mahali umekosea.

Kwenye kadi kitu kinachowaponza wageni ni majina. Kwa namba za NVIDIA za siku hizi tarakimu mbili za mwanzo ni kizazi na mbili za mwisho ni daraja, yani RTX 4060 ni kizazi cha 40 daraja la 60, na hilo daraja la 60 ndo saizi ya mtu wa 1080p. Upande wa AMD kadi kama RX 6600 imewabeba watu wengi wa hela ndogo na bado inapiga kazi. Ila jina moja linaweza kuficha kadi mbili tofauti! RTX 3060 ipo ya GB 12 na ipo ya GB 8, na ile ya 8 haijapungua memori tu, hata njia ya kupitishia data imebanwa, kutoka biti 192 hadi 128. RTX 3050 nayo ipo ya GB 8 na ya GB 6, na ya 6 ni dhaifu zaidi. Kwa hiyo usimuulize muuzaji "una 3060?", muulize "una 3060 ya GB ngapi?", afu soma mwenyewe kwenye boksi.

Memori ya kadi yenyewe, kwa gemu mpya lenga GB 8 kwenda juu. Ikijaa, kadi inaanza kukopa ramu ya kawaida ambayo iko mbali na ina mwendo mdogo, na we unakiona kwa macho, gemu linakwenda vizuri afu linaganda nusu sekunde ukigeuka kona, linakwenda, linaganda tena. RX 6500 XT ya GB 4 iliwaumiza watu hapo hapo, imeunganishwa na mazabodi (bodi kuu inayobeba kila kitu) kwa njia 4 tu za PCIe, ile sloti ya kuchomekea kadi, so ukiiweka kwenye bodi ya zamani ya PCIe 3.0 na memori ikajaa inashuka vibaya.

Prosesa sasa. Tangazo linasema "PC ya gemu, Core i7, ramu 16" na mtu anatoa hela. i7 ya lini? Core i7-2600 ni ya mwaka 2011, ina kori 4 na nyuzi 8 (kori ni vichwa vya kazi ndani ya prosesa, nyuzi ni kazi inazobeba kwa pamoja). Core i3-12100 ya mwaka 2022 nayo ina kori 4 na nyuzi 8, na inaiacha hiyo i7 mbali sana. Angalia namba baada ya kistari, hiyo 2 ni kizazi cha pili, hiyo 12 ni kizazi cha 12, jina la i7 peke yake halikwambii chochote. Kwa anayeanza, kori 6 na nyuzi 12 zinatosha kabisa, Ryzen 5 5600 au Core i5-12400F ni mifano mizuri. Hiyo herufi F maana yake prosesa haina grafiki ya ndani, bila kadi huoni kitu kwenye kioo. Ryzen 5 5600 nayo haina, ila 5600G inayo, so kama unataka kuanza bila kadi ukijichanga taratibu, chukua yenye G.

Na kama tayari una mashine inayosumbua na hujui ubadilishe nini, usinunue kwa kubahatisha. Fungua gemu linalokusumbua, simama sehemu moja, angalia fremu zako ni ngapi, afu ingia kwenye setingi ushushe azimio la picha, yani idadi ya pikseli, hadi chini kabisa, rudi pale pale uangalie tena. Fremu zikipanda sana, kadi ndo ilikuwa imezidiwa. Zikibaki pale pale, kadi ilikuwa inasubiri prosesa, na hata ukinunua kadi ya maana utapata fremu zile zile. Ni jaribio la dakika tano na limeshawaokoa watu wangu kadhaa.

Mazabodi sitakaa nayo sana. Hakikisha soketi, pale prosesa inapokaa, inalingana na prosesa yako, Ryzen 5 5600 inakaa AM4, Ryzen 7000 inakaa AM5, i5-12400F inakaa LGA1700. AM4 iko mwisho wa safari ila ni nafuu, AM5 ni ghali kidogo lakini baadaye unabadilisha prosesa tu bila kugusa bodi. Taa za rangi na majina ya kutisha kwenye bodi hayaongezi hata fremu moja. Ila angalia aina ya ramu, DDR4 na DDR5 haziingiliani, hata lile pengo la chini kwenye kipande cha ramu limekatwa sehemu tofauti, na AM5 inakula DDR5 tu.

Ramu yenyewe GB 16, na uichukue kwa vipande viwili vya 8, usichukue kimoja cha 16, maana viwili vinafungua njia mbili za data na kwenye gemu inaonekana, hasa kama unatumia grafiki ya ndani ya prosesa. Kwenye bodi ya sloti nne vikae sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. SSD, yani diski ya kuhifadhia gemu, chukua NVMe (aina inayochomekwa moja kwa moja kwenye bodi) ya kawaida ya GB 500 au TB 1. Zile za kizazi kipya zenye namba kubwa kubwa kwenye boksi, kwenye gemu utaokoa sekunde chache tu, hela hiyo peleka kwenye kadi.

Powasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme, ndo sehemu pekee nitakayokuomba usibane hela. Ya kwangu ya kwanza ilikuja bure na kasha, imeandikwa wati 500 kwa maandishi makubwa, ikakaa miezi michache, siku moja ikanuka moshi na ikaondoka na mazabodi. Baadaye ndo nikasoma ile stika ya pembeni vizuri. Tafuta mstari wa 12V, angalia ampea, zidisha kwa 12. Yangu iliandikwa ampea 18, yani wati 216, na hapo ndo kadi na prosesa zinapokunywa. Powasaplai ya kweli ya wati 550 inakupa ampea kama 45 kwenye huo mstari. Na huhitaji kubwa kama wauzaji wanavyokutisha, RTX 4060 inakula wati 115, Ryzen 5 5600 kama 76 ikipigishwa kazi yote, vingine vyote weka 60, jumla 250 hivi, so 550 nzuri inakutosha na nafasi inabaki. Nembo ya 80 Plus inakwambia umeme hautapotea sana kuwa joto, haikwambii ndani kumejengwa vizuri, kwa hiyo soma mapitio ya modeli yenyewe. Na kama ni ile ya waya za kuchomoa, usichanganye kabisa na waya za powasaplai nyingine hata kama zinaingia, mpangilio wa ndani unatofautiana na unaweza kuchoma diski zako zote kwa kubonyeza swichi mara moja.

Kasha liwe na wavu mbele, sio glasi nzima inayoziba hewa, na pima urefu wa kadi kabla hujalipa.

Mtumba je? Mi nauunga mkono, hasa kwa prosesa, maana prosesa ni nadra kufa. Kadi ya mtumba usiichukue bila kuiona inacheza gemu nusu saa mbele yako. Sikiliza feni, angalia kama kuna vidoti au mistari ya rangi kwenye picha, na ufungue programu ya GPU-Z, kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani zijiite jina la kadi kubwa, na GPU-Z huwa inaandika kabisa kwamba hiyo ni feki.

Kuna njia ya bei ndogo zaidi ambayo naipenda kwa wanafunzi, unachukua kompyuta ya ofisi ya mtumba afu unachomeka kadi isiyohitaji waya wa umeme. Sloti ya PCIe inatoa hadi wati 75, kwa hiyo GTX 1650 zisizo na tundu la waya wa ziada au RTX 3050 ya GB 6 ya wati 70 zinaishi hapo hapo bila kubadilisha powasaplai. Kama kasha ni lile jembamba tafuta kadi ya kimo kifupi. Na mashine iwe ya Intel kizazi cha 8 au zaidi, maana chini ya hapo Windows 11 haiikubali rasmi, Windows 10 msaada wake uliisha Oktoba 2025, na Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vitu viwili vya usalama vya kompyuta, bila hivyo haifunguki.

Siku ya kufunga, toa ile plastiki chini ya kipoza cha prosesa kabla hujakibandika. Waya wa monita uchomeke kwenye kadi, sio kwenye mazabodi, nimeitwa kwa mtu ambaye kadi yake "mbovu" ilikuwa nzima na shida ilikuwa tundu tu. Ingia baiosi, setingi za mazabodi kabla Windows haijawaka, uwashe XMP au EXPO, zinazoipa ramu mwendo wake kamili, la sivyo ramu uliyolipia 3200 inatembea 2133 au 2400. Afu ingia setingi za kioo kwenye Windows uone Hz ngapi, mdogo wangu alikaa na monita ya 144 miezi minne ikiwa imewekwa 60, nilipoibadilisha akasogeza mausi mara moja, akaniangalia, akasogeza tena.

Baada ya hapo cheza gemu zito saa nzima muda wa kurudisha vifaa ukiwa bado haujapita, na uangalie joto la kadi. Ikizunguka nyuzi joto 60 hadi 75 uko salama. Ikigonga 85 na feni zinalia, fungua ubavu wa kasha uendelee kucheza dakika kumi, joto likishuka sana ujue kadi haina tatizo, ni kasha linalokosa hewa, ongeza feni moja mbele.