Betri ya laptopu idumu: niliyoyafanya kwa TLP

Umeme ukikatika, ThinkPad yangu ya mtumba ndiyo ofisi, kwa hiyo betri naichunga sana. Natumia TLP, programu ndogo ya kupunguza matumizi ya betri kwenye Linux. Kwenye Ubuntu, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike sudo apt install tlp. Ikimaliza, fungua faili la mipangilio yake kwa kuandika sudo nano /etc/tlp.conf, utafute mstari wa CPU_BOOST_ON_BAT. Futa alama ya # iliyo mbele yake na uhakikishe mwisho kuna 0. Hapa ndipo penye faida: ukichomoa chaja, prosesa haipandi tena kwenye kasi yake ya ziada. Feni yangu siku hizi siisikii ninapoandika. Ukihariri video utaona uzito, basi chomeka chaja kwanza. Hifadhi, kisha sudo tlp start. Kuhakikisha imekubali, andika sudo tlp-stat -p.