Somo: Kulinganisha na kupanga biti zenye urefu tofauti kwenye PostgreSQL

Wakuu, habari za kazi. Tuanze na daftari la mahudhurio lililowekwa kwenye PostgreSQL (au Postgres), programu ya hifadhidata. Kila mwanafunzi ana safuwima moja ya varbit (aina ya data inayohifadhi mfuatano wa biti, yaani 0 na 1, wenye urefu unaobadilika), na kila siku ya masomo tunaongeza biti moja upande wa kulia: 1 amekuja, 0 hakuja. Juma jipya limeanza. Mmoja alikuja Jumatatu, na Jumanne darasa lake bado halijaitwa: 1. Mwenzake alikuja Jumatatu, Jumanne akakosa: 10. Je, hawa wako sawa? Ukimjazia wa kwanza sifuri ili walingane urefu, umemwandikia utoro ambao hakuufanya. Ndiyo maana Postgres inakataa kuwaita sawa, na mimi naiunga mkono kabisa. Urefu ni sehemu ya thamani yenyewe.

Hatua ya 1. Jaribu mwenyewe:

SELECT b FROM (VALUES (B'1'),(B'10'),(B'01'),(B'011'),(B'0')) AS t(b) ORDER BY b;

Utapata 0, 01, 011, 1, 10. Ni mpangilio wa kamusi: "pa" hutangulia "paa", na "paa" hutangulia "paka". Biti zinasomwa kuanzia kushoto, na pale zinapotofautiana mara ya kwanza mshindi anajulikana. Moja ikiisha bila tofauti kuonekana, fupi ndiyo ndogo. Kanuni hiyo ilikuwamo kwenye kiwango cha 1992 cha SQL, lugha ya hifadhidata. Toleo la 2003 likaiondoa aina ya BIT, Postgres ikabaki nayo.

Hatua ya 2. Amua unataka mpangilio upi. Ukitaka fupi zitangulie, andika ORDER BY length(b), b. Ukitaka thamani ya namba, jaza sifuri kushoto: ORDER BY lpad(b::text, 32, '0'), length(b), mradi hakuna iliyozidi biti 32.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi wanaumia, nami niliumia. B'1'::bit(3) inatoa 100, kwa sababu biti hujazwa kulia. Lakini 1::bit(3) inatoa 001, kwa kuwa hiyo ilianza kama namba. Niliwahi kuchanganya hizi mbili kwenye jedwali la ruhusa, na watu wakapewa ruhusa zisizo zao siku nzima.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, mimi natumia MySQL. Ni hivyohivyo?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kule BIT(M), ambapo M ni idadi ya biti, inachukua biti 1 hadi 64 na hujaza sifuri kushoto. Ukiingiza b'101' kwenye BIT(6) inakuwa 000101, na ulinganisho ni wa namba. Urefu ulioandika unapotea, kwa hiyo daftari letu la mahudhurio lisingefaa humo.

Swali: Kwenye Postgres, nikitumia & (AND ya biti kwa biti) naambiwa "cannot AND bit strings of different sizes". Nifanyeje, kaka?

Jibu: Inakuuliza ujaze upande gani, maana yenyewe haiwezi kukuamulia. Kwa mahudhurio, kata ndefu ilingane na fupi kwa substring(b from 1 for 5), ukiweka urefu wa fupi badala ya 5. Usibuni siku ambazo hazijafika.

Swali: Faharasa (index) ya kawaida juu ya safuwima b itasaidia ORDER BY length(b), b?

Jibu: Haitasaidia, dada. Imepangwa kikamusi. Tengeneza nyingine: CREATE INDEX ON mahudhurio (length(b), b);