Mambo ya kuzingatia kabla hujaanza kupokea orodha za makontena kwa JSON au XML

Kama ofisi yako ya klirensi hapa Mombasa inaacha Excel na kuhamia JSON au XML, miundo ya maandishi ya kupelekeana data kati ya mifumo, skima (faili ya kanuni zinazosema data iwe na umbo gani) iandikwe kabla faili ya kwanza haijaingia, si mzigo ukishakwama Kilindini. Na fundi akikwambia faili imepita, muulize imepita nini.

Namba za ushuru ziwe maandishi. Chai ni 0902. Ukiiweka kama namba, sufuri inadondoka unabaki na 902. Uzito uwe namba, kipimo kitajwe. Tarehe muundo mmoja tu.

Namba ya kontena kwa ISO 6346, kiwango cha kimataifa cha namba za makontena, ni herufi nne, tarakimu sita, halafu tarakimu ya ukaguzi. Skima italazimisha umbo, hesabu haifanyi. CSQU3054383 ni sahihi. Mwisho ukiandika 4, skima inanyamaza vilevile. Hiyo iandikie programu yake pembeni.

Sasa hili la kurudiarudia. Kuna wakala aliweka uniqueItems, sharti la JSON Schema (lugha ya kuandikia skima za JSON) linalokataza vitu kujirudia, kwenye orodha yake ya makontena, akalala usingizi. Ikaja faili ya mteja ambamo kontena moja lina mistari miwili: mmoja kilo 21,400, mwingine 21,450. Mtu alipima upya, badala ya kurekebisha mstari wa zamani akaongeza mpya. Skima ikapitisha. Mfumo ukajumlisha yote, tamko likawa na kontena moja zaidi ya bili ya shehena. Forodha wakataka kujua la ziada liko wapi. Atalitoa wapi? Hadi marekebisho yakubaliwe, siku za bure bandarini zilikuwa zimekwisha, storeji inapanda, na mwenye mzigo anapiga simu kila akitoka msikitini.

uniqueItems hulinganisha kitu kizima na kitu kizima. Kilo hamsini zikitofautiana, kwake hivyo ni vitu viwili. JSON Schema yenyewe haina sharti la kusema namba ya kontena isijirudie katika orodha. Kwa hiyo kagua kwa programu. Wengine huifanya namba ya kontena kuwa jina la kila ingizo. Sawa, ila jina likijirudia visomaji vingi hushika la mwisho na kulitupa la kwanza bila kukuambia.

XML Schema, lugha ya skima za XML, tangu 2001 ina key (thamani isijirudie wala kukosekana) na keyref (rejeleo lazima lilingane na key fulani), na hapo unachagua upeo, yaani eneo ambamo sharti linashika. Uchague kwa akili: mstari namba 1 utakuwepo katika kila bili, ila usiwepo mara mbili ndani ya bili moja. Sehemu ikiwa ya lazima tumia key. Unique, ambayo nayo hukataza kujirudia, huvumilia ikikosekana.

Mnaotumia bado DTD, skima ya zamani ya XML, IDREF (rejeleo la ID, yaani kitambulisho cha kitu ndani ya faili) haijui aina. Mahali pa mpokeaji wa mzigo pakielekeza kwenye kontena, inaridhika, maadamu ID hiyo imo humo ndani ya faili. Na ID haianzi na tarakimu, kwa hiyo namba tupu za bili hazitaingia.

Mengineyo: skima iwe na namba ya toleo, na mteja ajue anatumia lipi. Faili iliyokataliwa itunzwe, msiifute kwa aibu. Kile kirekebisho cha mkono cha Ijumaa jioni, meli iko nje inasubiri gati, kipite kwenye ukaguzi uleule, na aliyekifanya aandike jina lake.